Ua Liitwalo Taji la Miiba

(Dominika ya Matawi, Mwaka A)



Leo Mama Kanisa anatutia mikononi matawi mabichi, na kabla mikono haijachoka kuyashika anatusomea Mateso ya Bwana wetu kama alivyoyaandika Mwinjili Mathayo. Katika masimulizi hayo marefu nataka tusimame mahali pamoja tu, katika sura ya 27, pale askari wa liwali wanapomwingiza Yesu ndani ya boma, wanakusanya kikosi kizima kumzunguka, na kumvika kichwani taji walilolisuka kwa miiba. Nimepachagua mahali hapo kwa sababu ya barua.

Mama mmoja, msikilizaji wetu, ameniandikia kwamba mlangoni kwake, katika ndoo kuukuu, ana ua alilopewa na jirani miaka mingi iliyopita. Lina shina la miiba mitupu na maua madogo mekundu, na kila mtu hapo mtaani huliita Taji la Miiba. Mgeni mmoja aliyefika kusali naye amemwambia kuwa huo ndio mmea ule ule uliomchoma Bwana wetu, kwamba wekundu wa maua ni damu yake, na kwamba nyumba inayoutunza haitakosa machozi; basi aung'oe na kuuchoma moto. Mwingine akamwambia la, auache pale pale mlangoni, kwani wachawi hawapiti penye miiba ya Yesu. Mama anauliza amsikilize nani. Nitamjibu, lakini kwa njia ndefu kidogo, maana swali lake ni kubwa kuliko ua lenyewe.

Kwanza tuufahamu mmea. Wataalamu huuita kwa Kilatini Euphorbia milii. Kwao ni Madagaska, kisiwa ambacho wazee wetu wa pwani walikiita Bukini, ng'ambo ya bahari, zaidi ya kilometa 400 kutoka bara letu la Afrika. Huko huota wenyewe, hata juu ya miamba isiyo na udongo wa kutosha, ndiyo maana umejifunza kuweka maji ndani ya shina lake nene. Ni ndugu wa mnyaa, ule tunaoupanda kuzungushia boma, na ukiufuata ukoo wake mpana zaidi utamkuta humo mnyonyo, mti wa mpira, na hata muhogo wetu wa shambani. Ukoo mmoja, lakini mmoja hulisha watoto na mwingine huwachoma.

Miiba yake haikuchomekwa kiholela. Chini ya kila jani huota miwili, mmoja kila upande, pale ambapo mimea mingine huotesha vijani viwili vidogo vya kikonyo. Kwenye mmea huu vijani hivyo vimekuwa miiba. Kiangazi kikiwa kikali majani hupukutika, lakini miiba hubaki, na hivyo shina la zamani huwa ni miiba tu tangu chini hadi juu. Majani mapya na maua hutokea kwenye ncha changa peke yake. Nayo maua yana siri yake. Yale mapetali mawili mekundu tunayoyasifu si mapetali hata kidogo. Ni majani yaliyovaa rangi. Maua ya kweli ni vitu vidogo sana vilivyo katikati, ambavyo mtu hupita asivione. Mintarafu ya wekundu basi, yule mgeni aliyesema ni damu alikuwa akizungumza juu ya majani. Tena yako yenye rangi ya waridi, ya manjano na hata nyeupe.

Mmea huu uliingiaje katika nyumba za watu? Mwaka 1821 Baroni Milius, ofisa wa majini wa Ufaransa aliyekuwa gavana wa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion, aliupeleka Ufaransa. Mwaka 1826 mtaalamu Charles des Moulins wa Bordeaux akauandika kitabuni na kuupa jina la baroni huyo. Kutoka hapo ukaenea katika vioo vya mabustani ya Ulaya, kisha katika nchi zote za joto. Huko Thailand wameuzalisha kwa kuchanganya mbegu hadi wakapata maelfu ya aina zenye maua makubwa, na watu wenye asili ya Kichina huko huyahesabu maua yake: yakitoka manane katika kichala kimoja, ni ishara ya bahati, kwa ajili ya wale wanane wasiokufa wa hadithi zao za kale. Mnaona, wapendwa: mmea ule ule, mtaa mmoja unauogopa kwa laana na nchi nyingine inaupanda kwa bahati. Wenyewe hauna habari.

Sasa, je, ungeweza kuwa Yerusalemu siku ile? Ponsio Pilato alikuwa liwali wa Uyahudi tangu mwaka 26 hadi mwaka 36. Mmea wa Madagaska ungepaswa kuwa umevuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya wanasayansi wa Ulaya kuuona, ukapandwa katika Uyahudi, ukazoeleka kiasi cha askari kuukuta karibu, kisha ukatoweka pasipo mtu kuuandika. Wapo wanaosimulia hivyo. Ushahidi haupo. Jina la Taji la Miiba ni jina la ibada lililotungwa na watu waliouona mmea na kumkumbuka Bwana wao, na si vibaya kumkumbuka Bwana. Ila kumkumbuka ni jambo moja, na kuapa kwamba huu ndio wenyewe ni jambo jingine. Imani yetu haihitaji kuegemezwa kwenye hadithi isiyo kweli.

Basi taji lile lilikuwa la mti gani? Wainjili hawasemi. Mathayo, Marko na Yohane wanataja miiba tu. Luka hata taji lenyewe hakulitaja. Wataalamu wamependekeza mimea kadha wa kadha ya Nchi Takatifu. Mmojawapo ni vichaka vifupi vya miiba vinavyofunika vilima vya huko, ambavyo watu waliviokota kuwa kuni. Mwingine, wenye sifa kubwa zaidi, ni mkunazi wa Nchi Takatifu. Mtaalamu Msweden Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Kilatini lenye maana ya mwiba wa Kristo. Sisi tunamjua ndugu yake wa karibu. Nani aliyekulia pwani asiyekula makunazi? Na ndugu zetu Waislamu hutumia majani ya mkunazi katika maji ya kuoshea maiti. Mti wa miiba, lakini una matunda kwa mtoto na heshima kwa marehemu.

Liko pendekezo jingine, nami nakiri kwamba limenigusa kuliko yote. Mwaka 1952 mtaalamu Mwingereza aitwaye H. St J. Hart alitazama sarafu za kale. Juu ya sarafu hizo wafalme waliodai kuwa miungu huchorwa wakiwa na taji lenye miale, kama jua linalochomoza. Hart akafikiri kwamba askari wa Pilato walitaka kuigiza taji la namna hiyo, na kwamba miale hiyo waliipata kwenye mtende. Kwa maana mtende, wapendwa, una miiba. Ule upande wa juu wa kuti ni laini na hupepea. Chini, karibu na shina, vijani vyake vimekuwa sindano ndefu. Mkitaka kuhakiki, waulizeni akina mama wanaokata ukindu wa kusukia mikeka. Mkindu wetu ni mtende wa porini, na mikono yao inajua mwiba wake unavyoingia.

Sisemi kwamba Hart amethibitisha. Ni pendekezo, na wengine wanaushikilia mkunazi. Lakini fikirini: matawi tuliyoyapunga asubuhi hii, pengine ya mkindu huo huo, yana miiba upande wa kikonyo. Yohane ndiye anayesema waziwazi kwamba umati ulichukua makuti ya mitende ukatoka kumlaki. Kama Hart yuko sahihi, mti uliotoa shangwe siku ya kwanza ya juma ndio uliotoa taji kabla juma halijaisha.

Hata kama hayuko sahihi, jambo moja linabaki thabiti, na ndilo ninalotaka mlisikie leo. Askari wale hawakuagiza miiba ng'ambo. Walikuwa kazini, asubuhi, wakingoja amri, na mchezo uliwajia ghafula. Walinyosha mkono wakachukua kilichokuwa karibu: vazi jekundu la mwenzao, mwanzi wa kuwa fimbo ya enzi, na miiba. Pengine ilikuwa ya kuwashia moto, pengine ya uani. Taji la Bwana wetu lilisukwa kwa vitu vya karibu na kwa mikono ya watu ambao hawakuwa na kisa naye.

Tena tuangalie walitaka nini. Mara nyingi tunahubiri juu ya maumivu, na maumivu yalikuwapo. Lakini kumtesa walikwisha kumtesa kwa mijeledi. Na kuua, walikuwa karibu kuua kwa msalaba. Taji lilikuwa la kazi nyingine. Walipiga magoti, wakamsalimu kama mfalme, wakamtemea mate, wakautwaa ule mwanzi wakampiga nao kichwani. Hiyo ni kejeli. Ni furaha ya kumdunisha mtu aliyefungwa mikono ambaye hawezi kujibu, mbele ya kikosi kizima, ili kila mmoja acheke na asiwepo wa kuona haya. Mathayo anasema kwamba baada ya mzaha walimvua lile vazi na kumrudishia nguo zake. Kuhusu taji hasemi lolote.

Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 9, Yothamu anawasimulia watu wa Shekemu juu ya miti iliyotaka mfalme. Mzeituni ukakataa, mtini ukakataa, mzabibu ukakataa, kila mmoja ukasema una kazi yake yenye manufaa. Mwishowe miti ikauendea mti wa miiba, nao ukakubali upesi, ukaialika miti yote ije ikae katika kivuli chake. Aliyewahi kujikinga na jua chini ya kichaka cha miiba ataelewa kwa nini Yothamu alisimulia hivyo. Mwiba ulikuwa tangu zamani alama ya ufalme wa mzaha. Askari wale wapagani hawakuijua hadithi hiyo, ila mikono yao iliitimiza. Naye Tertulliano wa Kartago, Mwafrika mwenzetu, mwanzoni mwa karne ya tatu aliandika kitabu kizima juu ya mataji, akawauliza Wakristo wanawezaje kujivisha mashada ya maua hali Bwana wao alivikwa miiba. Na katika miiba hiyo aliona dhambi ambazo ardhi ya mwili wetu imezizaa. Alikuwa mtu mkali, Tertulliano, hata Kanisa lenyewe mwishowe halikumtosha. Lakini hapo alisema neno.

Ardhi yetu nayo inazaa nini? Nitasema jambo ambalo waamini wa Kanda ya Ziwa wanalijua kuliko mimi. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza na jirani zake, kwa miaka mingi, na hasa katika miaka ya 1990, bibi vizee wameuawa kwa mapanga kwa kudhaniwa ni wachawi, na ushahidi uliotajwa dhidi ya wengi wao ulikuwa macho mekundu. Macho mekundu! Mwanamke aliyepika maisha yake yote juu ya kuni mbichi na samadi kavu ya ng'ombe, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho ya rangi gani? Moshi ule ule uliowaivishia wajukuu ugali ndio uliogeuzwa shitaka. Wala panga halikuanza. Ilianza kejeli kisimani, wimbo wa watoto njiani, jina la utani kwenye pombe, kicheko ambacho hata Wakristo walikicheka. Taji husukwa kwanza, msalaba hufuata.

Si bibi vizee peke yao. Mwanamke asiye na mtoto anajua maneno anayoambiwa na mawifi siku ya sherehe, mbele ya watu, katika sura ya mzaha ili akilia aambiwe hana uvumilivu. Kijana aliyeshindwa mtihani anajua jina alilopewa nyumbani. Anayemsuka huyo taji hatoki mbali. Ni mtu wa nyumba moja naye, na miiba ameitoa uani: siri aliyoambiwa, kilema anachokiona kila siku, udhaifu ambao mtu baki asingeujua. Kwa hiyo inachoma mahali penyewe.

Nirudi sasa kwa mama yetu na ndoo yake. Mama, usiung'oe kwa hofu. Mmea hauna laana. Mungu aliuumba Bukini na kuupa miiba ili wanyama wasiumalize, na hakuna machozi yatakayoingia nyumbani kwako kwa sababu yake. Wala usiutegemee kama kago. Yule aliyekushauri uuache ili wachawi wasipite amekupa ushauri mbaya zaidi kuliko wa kwanza, kwa kuwa amekufanya uwatazame wanaopita mlangoni pako na kujiuliza ni nani kati yao asiyepita. Ukikaa hivyo mwezi mmoja tu, utakuwa umekwisha kumpata mchawi wako, na yaelekea atakuwa na macho mekundu.

Liko hata hivyo jambo la kuuogopa katika mmea huo, la kawaida kabisa. Shina likikatika hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo una sumu: huunguza ngozi, ukimezwa huumiza tumbo, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali. Basi ndoo ikae mahali ambapo mtoto anayetambaa na mbuzi hawafiki. Anayepogoa avae glavu au mfuko wa nailoni mkononi, asijiguse uso, na akimaliza anawe kwa sabuni na maji mengi. Ukiingia jichoni, jicho lisafishwe kwa maji tele na mtu aende zahanati.

Na utomvu huo huo, ajabu ya Mungu, umewafikirisha madaktari. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Brazili wameonesha kwamba kiasi kidogo sana, miligramu chache katika lita moja ya maji, huwaua konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Kwetu sisi, wenye wavuvi na watoto wanaoshinda majini katika Ziwa Viktoria, kichocho si habari ya vitabuni. Ila msikimbilie kumwaga utomvu ziwani, tafadhali: ukizidi hudhuru samaki pia, na kipimo chake ni kazi ya wataalamu. Aliye na kichocho dawa yake iko hospitali, ni vidonge vya prazikwanteli. Nimelitaja tu ili tusidhani kwamba kitu chenye mwiba na sumu hakina kazi nyingine kwa Muumba wake.

Mmoja ataniuliza, je, lile taji lenyewe la Bwana liko wapi? Masalia yanayoheshimiwa kwa jina hilo yako Paris. Mtakatifu Ludoviko wa Tisa, mfalme wa Ufaransa, aliyapata mwaka 1239 kutoka kwa Baldwino wa Pili, kaisari wa Konstantinopoli, ambaye kwa shida ya fedha alikuwa ameyaweka rehani kwa wafanyabiashara wa Venisi. Mfalme akayajengea kikanisa cha fahari, kilichowekwa wakfu mwaka 1248, naye inasimuliwa kwamba aliyapokea akiwa peku, amevaa kanzu tu. Baadaye yakahamishiwa katika kanisa kuu la Notre-Dame. Jioni ya tarehe 15 Aprili 2019, Jumatatu ya Juma Kuu, paa la kanisa hilo lilipokuwa likiteketea, yaliokolewa ndani ya moshi, na tarehe 13 Desemba 2024 yalirudishwa humo, kanisa likiwa limekwisha kukarabatiwa.

Wanaofika mbele yake kusali wakitarajia kuona miiba hustaajabu. Ndani ya kioo kuna mduara wa nyasi za majini zilizosokotwa, upana wake kama sentimeta 21, na mwiba hauna hata mmoja. Miiba iling'olewa zamani, ikatolewa zawadi mmoja mmoja kwa wafalme, maaskofu na monasteri, ikasambaa Ulaya nzima, kila aliyepata mwiba akiufungia ndani ya dhahabu.